Jibu: Kuvua trauti Madison mwezi wa nane

Mkuu, weka kwanza fimbo ya kuvulia chini. Umeandika unakwenda kuvua trauti kwenye mto Madison, sehemu yake ya chini, karibu na mji wa Bozeman, Montana, Marekani, mwanzoni mwa Agosti, "jioni jua likishapoa", halafu unauliza nzi bandia (chambo cha manyoya na nyuzi) wa rangi gani. Jioni hiyo hiyo ndiyo iliyoniponza, na nilishauriwa na muuza duka mmoja wa vifaa, jamaa mwenye kofia iliyochomekwa nzi pande zote kama mti wa Krismasi.

Alinipanga vizuri! Eti juu kuna bwawa, kwa hiyo maji ni baridi. Eti jioni hewa inapoa, samaki wanachangamka. Ukisikia unaona kabisa inaingia akilini. Sasa sikia: maji ya bwawa huwa baridi yakitolewa kutoka kwenye kina, kama mto Bighorn, hukohuko Montana, chini ya bwawa la Yellowtail. Madison ya chini inatoka Ziwa Ennis, ndilo ziwa la bwawa hilo la juu, nalo ni la kina kifupi, linapigwa na jua mchana kutwa halafu linakumwagia supu. Na maji hayapoi pamoja na hewa. Saa kumi na moja, kumi na mbili jioni wewe unavaa sweta, mto ndio kwanza uko kwenye kilele cha joto lake.

Nikanasa trauti mmoja mnene. Uzi wa mwisho ulikuwa mwembamba kama unywele (kaniuzia yeye yule, "samaki wa kiangazi ni waoga"), nikiogopa kuuvuta usikatike, basi tukazungushana weee. Picha juu. Nikamwachia, akapiga mkia, akazama. Nikajiona mstaarabu. Kushuka kidogo chini namkuta kwenye majani ya maji, tumbo juu, mashavu yanapanuka taratibu, kisha yakaacha. Mimi mtu wa Mwanza, samaki akifa mkononi kwangu ni kitoweo, si msiba. Lakini nilishamtambia mama watoto kwamba huku tunavua na kurudisha, sasa naenda nyumbani na maiti nieleze nini?

Maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo, na trauti ni samaki wa baridi. Akipambana anamaliza pumzi. Kuogelea akaenda si kupona.

Usiniambie mto haujafungwa. Idara ya samaki na wanyamapori ya Montana kwa kawaida hufunga uvuvi mtoni kuanzia saa nane mchana hadi usiku wa manane, maji yakigonga Farenhaiti 73, karibu nyuzi 23 za Selsiasi, siku tatu mfululizo. Hesabu mwenyewe: hizo siku tatu samaki wanaishije? Yule jamaa wa duka hilo hakulisema, maana kibao cha kufunga hakimuuzii nzi.

Nunua kipimajoto, kifunge uzi, kitumbukize kwenye mkondo, si pembeni kwenye maji yaliyotuama, ukiache dakika nzima. Ikisoma nyuzi 20 za Selsiasi, umemaliza, hata kama ndio umefika. Kwa mwezi wa nane maana yake ni alfajiri, usiku ukiwa umeshayapoza maji, na saa nne asubuhi unapima tena. Mto ukiamka na joto, panda vijito vya milimani au kavue samaki aina ya kapi (carp), yule havunjwi na joto.

Uzi nunua mnene, umtoe haraka, usimwinue nje ya maji kwa ajili ya picha. Rangi ya nzi isikusumbue, weka nzi bandia yeyote wa umbo la panzi. Ila kipimajoto kwanza, mkuu, kabla hata ya panzi.