Nguzo ya katikati kwenye kioo cha dizeli ya zamani: msiikate

Kaka, umeuliza kama kwenye kabini ya kichwa cha treni cha dizeli cha zamani mnachokikarabati mnaweza kukata nguzo iliyo katikati ya vioo viwili vya mbele mweke kioo kimoja kipana, ili dereva aone vizuri. Naomba msiikate. Nilizaliwa kota za reli Nsambya, na vioo vya vichwa vya treni nimevifunga tangu miaka ya 1980. Nguzo ile ina kazi.

Vioo viwili bapa vikikaa kwa pembe vinaifuata pua ya kichwa bila kuhitaji kioo cha kupinda, na nguzo inalishika paa. Kwetu Uganda faida kubwa ilikuwa nyingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, karakana kuu ilibaki Nairobi, na vipuri vikawa vya kusubiri. Kioo bapa kidogo unakikata mwenyewe. Cha kupinda ukiagize ng'ambo, kichwa kikilala uani.

Lakini ukate kioo gani? Hapo ndipo tulipoumia. Tulikosa kioo cha tabaka mbili zenye utando katikati, tukaambiwa tuweke cha dirisha la nyumba. Jiwe likarushwa karibu na Lugazi, kwenye miwa, na vipande vikamchana msaidizi wa dereva juu ya jicho. Kioo hicho nilikifunga mimi. Tangu siku hiyo sijakubali tena. Cha tabaka kinapasuka, ila vipande vinabaki vimeshikana kwenye utando. Kile kilichoimarishwa kwa moto hakikatiki tena kikishatoka kiwandani, kwa hiyo msikinunue mkidhani mtakipunguza.

Pimeni tundu lenyewe, si kioo cha zamani. Kona zake ni za mviringo kwa sababu mpira haukai kwenye kona kali, na bati nalo huanza kupasukia hapo. Kwanguni kutu yote, hasa upande wa chini ambako maji hutuama nyuma ya mpira. Kisha kivisheni kioo mpira wake, lazeni kamba nyembamba kwenye mfereji wa mpira mzunguko mzima, ncha zikutane chini. Pakeni maji ya sabuni. Mmoja abonyeze kwa viganja kutoka nje, mwingine avute kamba polepole akiwa ndani: mdomo wa mpira unageuka kidogo kidogo na kuukumbatia ukingo wa bati. Ukivuta kwa haraka, mpira unachanika.

Kama shida ni kuona usiku, angalieni kwanza mwanga wa geji unaorudi kwenye kioo. Ziwekeeni taa zake vikofia, na ukuta wa nyuma upakwe rangi nyeusi isiyong'aa.

Dirisha la pembeni, lile la kusukuma, liacheni lilivyo. Kizingiti chake kiko usawa wa kiwiko ili dereva atoe bega aangalie mabehewa kwenye kona, na anyooshe mkono kupokea tokeni, yaani kibali cha kuingia kipande cha reli kinachofuata, akipita stesheni. Nitumie vipimo vya tundu la mbele, nikuchoree kigezo cha kadibodi kabla hamjagusa kioo.