Kabla hujaandika tena kwamba dosari ya Oedipus ni kiburi

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, jana usiku nimemaliza kusahihisha jaribio lenu la tanzia, juu ya Oedipus, yule mfalme wa Thebes katika tamthilia ya Mgiriki Sophocles, aliyemuua baba yake na kumwoa mama yake bila kujua. Zaidi ya nusu ya karatasi zina sentensi moja, karibu neno kwa neno: "Oedipus ni shujaa wa kitanzia kwa sababu ana dosari ya kiburi iliyomletea anguko." Baadhi yenu mmefunga kwa "kiburi si maungwana", wengine kwa "majuto ni mjukuu". Sentensi hiyo naijua inakotoka. Imo kwenye madesa ya pale steshenari, yale yale niliyoyanunua mimi nikiwa kwenye viti hivyo hivyo, na ukurasa wa tatu bado una ule mstari mweusi wa mashine ya fotokopi.

Nawapenda, na ndiyo maana leo nimekasirika. Haya ninayowaandikia ningefurahi kama kaka au dada mmoja wa semina angenikalisha chini akaniambia mapema.

1. Maneno yetu wenyewe yanatutega. Ukimtajia mama yako tanzia, atauliza nani amefariki, kwa kuwa tanzia kwetu ni taarifa ya msiba. Basi mkifungua tamthilia mnaanza kutafuta maiti. Oedipus hafi. Mchezo unakwisha yu hai, kipofu, ameomba afukuzwe Thebes. Na ile tamthilia ya mwisho ya Aeschylus kuhusu Orestes, aliyemuua mama yake, ya mwaka 458 KK, inaamuliwa kwa kura mahakamani Athens na mshtakiwa anaachiwa. "Shujaa" nalo ni mtego: tukilisikia tunamwona Fumo Liyongo, kwa hiyo mnaorodhesha ushujaa wa Oedipus kana kwamba anaomba kazi jeshini. Mchukueni shujaa kuwa ni yule ambaye uzito wa mchezo umemwangukia. Hapo mtamweka hata Willy Loman wa Arthur Miller, yule muuzaji wa kuzunguka wa mwaka 1949, asiye na ufalme wala mkuki, mwenye madeni na vijana wawili wa kiume.

2. Hamartia, neno la Kigiriki mnalolitafsiri "dosari", si dosari ya tabia. Kitenzi chake, kwa Homer, ni cha mtu aliyerusha mkuki akakosa shabaha. Mwanafalsafa Aristotle, katika sura ya 13 ya Poetics, kitabu chake kuhusu tanzia, anasema mtu wa tanzia yuko katikati, si mwema kupindukia wala si mwovu, na anaanguka si kwa uovu bali kwa hamartia. Hapo penye "si kwa uovu" pasomeni mara mbili. Tena Aristotle alizaliwa mwaka 384 KK, Sophocles akiwa amekwisha kukaa kaburini zaidi ya miaka 20. Alikuwa anaeleza michezo aliyoikuta. Hakumpelekea Sophocles fomu ya kujaza, ambayo ndiyo mnayoijaza nyinyi: cheo, dosari, anguko, tiki.

Sasa hesabuni pamoja nami. Mnaandika kwamba Oedipus aliponzwa na hasira zake kwa Tiresias, mtabiri kipofu, na tuhuma zake kwa Creon, shemeji yake. Ni kweli alimtukana yule mzee kipofu, na alitaka Creon auawe. Lakini siku anapogombana nao, Laius, baba yake, ana miaka mingi tangu auawe, na Jocasta, mama yake, amekwisha kumzalia Oedipus watoto wanne. Angekuwa mpole kama maji ya mtungini siku ile, kingebadilika nini? Mtanirudisha kwenye njia panda alikomuulia Laius. Haya, twendeni. Mwendesha gari alimsukuma, naye akampiga. Mzee aliyekuwa garini akamtwanga kichwani kwa fimbo ya kuswagia farasi, ndipo akaua. Aliua kwa hasira, sibishi. Ila hakujua anamuua nani. Na kilichomfikisha kwenye njia ile ni kwamba alitoka Delphi kumwuliza mungu Apollo, akaambiwa atamuua baba yake na kumwoa mama yake, akaamua asirudi tena Corinth ili Polybus na Merope, aliowajua kuwa ndio wazazi wake, wasalimike. Alikuwa anawakimbia kwa kuwapenda. Mkiandika hivyo, kwa mpangilio huo, alama nitawapa hata kama mwandiko hausomeki vizuri.

3. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili nililifanya mbele ya watu.

Nilipokuwa mwaka wa pili tulipewa kazi ya kuigiza sehemu za Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi ya tamthilia hiyo hiyo iliyotoka mwaka 1971, nami nikachaguliwa kuongoza. Wakati huo nilikuwa nimeyapigia msuli yale madesa mpaka nayaota. Nilikuwa na daftari, na juu ya ukurasa wa kwanza nimeandika kwa wino mwekundu: KOSA NI KIBURI. Kila uamuzi niliufanya kutokana na mstari huo.

Mfalme aliigizwa na rafiki yangu tuliyekuwa tukikaa naye chumba kimoja bwenini. Ni mtu mtaratibu, sauti yake ya chini. Nilimwambia aingie ametoa kifua, atembee taratibu, asiwatazame usoni wale waliokuja kumwomba awaokoe na tauni. Jioni moja, tukifanya mazoezi chini ya mwembe, aliniuliza: "Mbona hapa mwanzo anawaita watoto wake?" Nikamjibu bila kufikiri kwamba ni dharau ya wafalme. Alinitazama kidogo, akaendelea.

Kisha muda ukatubana, nikaanza kupunguza. Ile sehemu ya kuhani na watoto waliokaa mlangoni pa ikulu na matawi yao nikaifupisha ikawa mistari sita, ili tufike haraka kwenye ugomvi na Tiresias. Mwisho wa mchezo, pale Oedipus, akiwa hana macho, anapoletewa binti zake, Antigone na Ismene, akawapapasa, akawalilia kwamba hakuna atakayewaoa, nikapafuta pote. Niliona panapunguza kasi.

Usiku wenyewe ukumbi ulijaa. Ugomvi na Tiresias ulikwenda vizuri sana, watu wanapiga makofi. Mjumbe akaja akasimulia jinsi mfalme alivyochomoa vishikizo vya nguo ya Jocasta akajitoboa macho. Rafiki yangu akatoka, kitambaa kimefungwa usoni, rangi nyekundu inamtiririka hadi shingoni, mikono mbele akitafuta njia. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Si ulijifanya mjuaji!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kitambaa kilikuwa kimemfumba macho kweli. Hakuweza kuona kama watu wanamcheka yeye au kuna jambo jingine limetokea. Alisema mstari mmoja, kicheko kikapanda. Akanyamaza. Alisimama pale katikati ya jukwaa amenyoosha mikono, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia, hatua nne tu kutoka kwake, daftari mkononi, sikwenda kumshika mkono. Nilikuwa nafikiria alama. Mwishowe mwenzetu aliyeigiza Creon ndiye aliyemwongoza kutoka.

Usiku ule bwenini hakusema neno. Asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu, akaniambia, "Ulininyima watoto." Akatoka. Mwalimu wetu naye hakunigombeza. Kwenye ripoti yangu aliandika swali moja tu: "Nani alimlilia?"

Nilirudi kwenye tamthilia nikaisoma mwanzo mpaka mwisho, bila madesa, kwa mara ya kwanza. Neno la kwanza kabisa linalotoka kinywani mwa Oedipus, katika Kigiriki, ni la kuwaita wale watu watoto wake. Anawaambia kila mmoja wao anaumia kwa ajili ya nafsi yake, lakini yeye moyo wake unaulilia mji, unajililia mwenyewe, na unawalilia wao pia. Creon anaporudi kutoka Delphi anadokeza wakazungumze ndani, Oedipus anakataa, anataka jibu lisemwe mbele ya wote. Yule yule aliyelitegua fumbo la Sphinx, lile zimwi lililoitesa Thebes, sasa anataka kulitegua la tauni, na hakubali kuachia njiani. Jocasta anapoelewa kabla yake na kumsihi aache kuuliza, haachi. Kinachomwangamiza ni kile kile kilichowaokoa wale watu mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nimekikata chote nikabakiza kelele.

Aristotle anasema huruma tunamwonea mtu aliyepatwa na baya asilostahili, na hofu inatujia kwa ajili ya mtu anayefanana nasi. Rafiki yangu nilimfanya mtu anayestahili, tena asiyefanana na yeyote pale ukumbini. Watazamaji walicheka kwa haki kabisa. Mnajua vile tunavyofanya msibani, wanaume wamekaa chini ya turubai, na wa kwanza anauliza: marehemu alikuwa anaendesha kwa kasi? Alikuwa amekunywa? Tunatafuta alichokosea ili tuondoke pale tukiamini kwamba sisi hayatatupata. "Dosari" mnayoiandika kwenye mtihani inafanya kazi hiyo hiyo. Naomba muiogope.

Rafiki yangu alinisamehe, na leo anafundisha sekondari. Ameshaiigiza tamthilia hiyo na wanafunzi wake, na wasichana wawili wadogo walikuwemo.

4. Msiiruke korasi, lile kundi linaloimba kati ya matukio: wale wazee wa Thebes ndio watakaowaonyesha mji ulimpenda kiasi gani na ulianza kumwogopa wapi.

5. Si kila tanzia inaingia kwenye kipimo cha Oedipus. Medea ya Euripides, mwaka 431 KK, inakwisha kwa mwanamke aliyewaua wanawe kupaa katika gari la Jua, na Jason, mumewe aliyemwacha, ndiye anayebaki chini analia. Kwenye Antigone, anayepitia mgeuko wa bahati na utambuzi wa ukweli ni Creon, ilhali jina la mchezo ni la yule aliyejua tangu mwanzo anachokifanya na bei yake. Ubishi wa nani shujaa pale umedumu miaka mingi. Ingieni ndani yake kwa hoja, msiniandikie "wote wawili" mkakimbia. Katika Juliasi Kaizari ya Shakespeare, mwenye jina anauawa katikati ya mchezo, na mzigo anaubeba Brutus.

6. Mkija kwenye Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, kuhusu vita vya Maji Maji, msiniletee "dosari yake ni uongo". Nimesoma hiyo mara nyingi, na kila mara inaniuma. Kinjeketile wa jukwaani anawapa watu maji na imani iliyowaunganisha makabila yaliyokuwa yakitazamana kwa chuki. Anapoanza mwenyewe kuyashuku yale maji, neno limeshamtoka mikononi, limekuwa kubwa kumpita yeye, na watu hawamngoji tena. Huo ndio utambuzi, na unamjia mapema, vita vikiwa mbele bado. Halafu angalieni mwisho: amekamatwa na Wajerumani, anatakiwa atamke kwamba maji ni uongo, anakataa. Anajua kitakachosemwa kwa watoto na wajukuu iwapo atatamka. Mpeni Kinjeketile maswali mnayompa Oedipus: alijua nini, alijua lini, na baada ya kujua alichagua nini. Mtapata kurasa nne bila kulitaja neno dosari.

7. Methali mwisho wa insha, achaneni nayo. Anayetaja mstari aoneshe ulipo.

8. Ijumaa njooni na tamthilia yenyewe. Madesa yabaki bwenini. Tutasoma kwa sauti kuanzia pale mchungaji wa Thebes anapoletwa. Ni yule yule aliyeponyoka peke yake kule njia panda, na alipomkuta Oedipus amekalia kiti cha Laius alimshika Jocasta mkono akaomba apelekwe malishoni, mbali, asiuone tena mji. Anafika kwenye ukingo wa lile neno, anasema amelifikia la kutisha kulitamka. Oedipus anamjibu kwamba naye amelifikia la kutisha kulisikia, lakini lazima alisikie. Nataka mtu mwenye sauti ya chini asome Oedipus. Na atakayesoma mchungaji asiharakishe. Mtoto yule, Oedipus mwenyewe, alikabidhiwa mikononi mwake hata siku tatu hajatimiza, vifundo vya miguu vimetobolewa, akaambiwa akamtupe mlimani, akamwonea huruma.