Kioo ni kigumu, ila hakina uimara wa chuma
Ndugu, umeuliza inakuwaje kioo kinachora msumari halafu chenyewe kikidondoka tu kinapasuka, hapo unachanganya ugumu na uimara. Ugumu ni kitu kukataa kuchubuka, ndo alichopanga kwa namba mtaalamu wa madini Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, talki (jiwe laini sana) akaipa 1 na almasi 10, kioo kiko kama 5.5 na msumari wa kawaida uko chini yake. Lakini uimara ni kitu kukataa kuvunjika, sasa piga nyundo uone! Chuma kinapinda kwanza kinameza lile pigo, kioo hakiwezi kupinda kwa hiyo kaufa kadogo tu kanakimbia mpaka mwisho. Hata almasi nyundo inaivunja, usijaribu kabisa. Kama kitu chako kitakuwa cha kugongwagongwa chukua chuma.