Modereta: jina moja, kazi nyingi

SWALI: Kwenye habari nasikia Modereta wa PCEA, kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, huko Kenya. Kwenye midahalo ya wagombea yupo modereta. Kitabu cha fizikia nacho kinasema grafiti ni modereta ya kinu cha nyuklia. Je, ni neno lilelile? Na kama kazi yake ni kupunguza kasi, mbona mwalimu anasema ukiiondoa kinu kinazimika? (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Ni lilelile. Asili yake ni Kilatini, modus, yaani kipimo au kiasi. Modereta wa Wapresbiteri huongoza vikao vya baraza la kanisa, wala si askofu. Wa mdahalo hugawa dakika na zamu. Wa mitihani hupitia maswali kabla hayajachapwa.

Swali lako la pili huwatatiza wengi, na lawama tunaipa tafsiri ya "kidhibiti", kwa sababu humfanya msomaji afikirie breki. Kinachopunguzwa kasi ni nyutroni, yaani chembe ndogo zinazotoka ndani ya kiini cha atomu, si kinu. Kiini cha urani-235, aina ya urani inayopasuka kwa urahisi, kikipasuka, nyutroni huchomoka kwa takriban kilomita 20,000 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo hupita viini vingi bila kunaswa. Ikishuka hadi kilomita 2.2 hivi, uwezo wake wa kupasua kiini kingine huongezeka mara mia kadhaa. Ndiyo maana bila modereta mnyororo wa mipasuko unakatika, na kinu kinazimika. Breki ni kitu kingine: fito za boroni au kadimi, ambazo humeza nyutroni.

Modereta nzuri iwe na viini vyepesi, tena isiwe mlafi wa nyutroni. Chukua gololi: ikigonga gololi mwenzake huiachia mwendo wake, ikigonga jiwe hurudi na kasi ileile. Haidrojeni ya maji huituliza nyutroni kwa migongano 18 hivi. Kaboni ya grafiti huhitaji zaidi ya 100. Lakini haidrojeni humeza baadhi ya nyutroni, kwa hiyo vinu vya maji ya kawaida hutaka urani iliyorutubishwa, yaani iliyoongezewa urani-235 hadi asilimia 3 mpaka 5. Maji mazito, yaani yenye haidrojeni ya aina nzito, humeza kidogo mno, na vinu vya CANDU vya Kanada hutumia urani asilia, yenye asilimia 0.7 tu ya urani-235. Grafiti nayo lazima iwe safi kabisa, maana chembe chache za boroni huiharibu. Grafiti ndiyo aliyoitumia mwanafizikia Enrico Fermi kuwasha kinu cha kwanza, Chicago, tarehe 2 Desemba 1942.

Uchaguzi huu si jambo dogo. Katika kinu cha Chernobyl, Ukraine, kilicholipuka 1986, modereta ilikuwa grafiti na kipoozaji kilikuwa maji. Maji yalipogeuka mvuke, nyutroni zilizokuwa zikimezwa zikabaki, grafiti ikaendelea kuzituliza, na nguvu ikapanda badala ya kushuka. Kinu cha TRICO cha Kinshasa, kilichowashwa mwaka 1959, kiliundwa kinyume: haidrojeni ilichanganywa ndani ya fueli yenyewe. Fueli ilipopata moto, haidrojeni hiyo haikuweza tena kuzituliza nyutroni ipasavyo, na nguvu ilishuka kabla mtu hajagusa kitufe.