Bosi anatuma voisi saa nne za usiku, asubuhi anakataa: nifanyeje?

Mara hii barua nyingi zimetoka kwa makatibu muhtasi na wasaidizi wa ofisi, sijui mmekubaliana au vipi. Nimechukua tatu, nimezipunguza na nimetoa kila kitu ambacho kingemfanya mtu ajulikane.

SWALI: Assalaam aleikum Bi mkubwa. Miye ni katibu muhtasi kampuni ya binafsi ya mambo ya utalii hapa mjini. Bosi wangu si mtu wa matusi nisimsingizie, ila hajali kabisa kama na miye ni binadamu. Saa nne za usiku ananitumia voisi noti ya dakika sita, TV inasikika kwa nyuma, humo humo mna barua, mna tiketi, mara kesho kamchukue mtoto skuli, mara nipitie Darajani nimnunulie samaki changu kilo mbili. Asubuhi nikifanya nilivosikia ananambia sikukwambia hivo. Majuzi alisema wageni wanakuja na boti ya mchana kumbe ya asubuhi, wamekaa pale bandarini juani gari hakuna, walipofika ofisini wamenuna akanigeukia mbele yao akasema "huyu ndo kila siku hivi". Nililia chooni. Afu maji na juisi za wageni nanunua kwa pesa yangu, nitakurejeshea nitakurejeshea, kimya. Mume wangu anasema acha kazi, sasa kazi nyengine iko wapi? – Nimechoka, Fuoni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, pole. Huyo mumeo ana uchungu na wewe ndo maana anasema hivo, ila acha kazi ni neno la kusema ukiwa tayari una barua ya kazi nyengine mkononi, kabla ya hapo mwambie akuombee dua tu na akuangalizie watoto jioni utume maombi.

Sasa tuje kwa bosi. Katika barua yako yote miye kilichonigusa si ukali wake, ni kwamba hakuna kitu kilichoandikwa baina yenu. Kila kitu kinapita mdomoni, na kinachopita mdomoni anayeshinda ni mwenye cheo. Zamani ukiitwa unaingia na daftari lako la hatimkato, anasema unaandika, ukitoka humo ndani kilichosemwa kishaandikwa na hakuna wa kumkana mwenziwe. Siku hizi tumeletewa voisi noti, bosi kalala kwenye kochi anamimina tu, na wewe umekubali kuwa daftari ni kichwa chako.

Kwa hiyo voisi ya saa nne usiku ukiona haina dharura iache mpaka alfajiri, ukishaswali ukanywa chai yako isikilize mara mbili afu mwandikie, si kwa voisi, kwa maandishi, na kwa adabu: "Asalaam aleikum bosi, nimepata maagizo. Barua ya wizarani itakuwa mezani saa tatu. Gari ya wageni iwe bandarini boti ya mchana, Jumatano. Tiketi ya Pemba nakata ya Alkhamisi kwenda tu. Kama kuna nilichokosea nijulishe kabla sijatoka." Basi. Hapo akiona boti ya mchana na yeye anajua ni ya asubuhi atashtuka mwenyewe, na asiposhtuka ujumbe upo. Usiweke kejeli humo, usiandike "kama ulivyosema JANA" kwa herufi kubwa, nawajua nyinyi. Na voisi zake usizifute hata simu ikijaa, futa picha za harusi kwanza.

Akikukana tena usibishane naye mbele za watu na usimtolee simu mbele ya wageni, utashinda siku hiyo utashindwa mwaka mzima. Ngoja mbaki wawili. Kuhusu kukusema hadharani ningekuwa wewe ningelichukua asubuhi moja tulivu, si siku ile ile, nikamwambia: bosi nikikosea nambie hata kwa ukali lakini tukiwa wawili, maana mbele ya wageni ukinisema mimi wao wanaona ofisi nzima haina mpango. Mguse kwenye biashara yake, huyu umeshanambia hajali mtu lakini wageni anawajali sana.

Pesa yako usitoe tena, hata mia tano. Sisemi ugome. Nenda kwa mhasibu omba masurufu kidogo ya wageni, utie risiti kwenye bahasha, zikikaribia kwisha unapeleka bahasha unaongezewa. Akisema hakuna, na juisi hakuna, wageni watakunywa maji ya kwenye mtungi wa ofisi na bosi atauliza mwenyewe kwa nini. Zile za nyuma anazodaiwa ziandike tarehe na kiasi umpe kikaratasi, usimuhadithie. Na ujitayarishe, nyengine hazitorudi.

Lile la changu na mtoto wa skuli. Utaambiwa kwenye mkataba kuna "na kazi nyengine utakazopangiwa", mabosi wote wanajificha hapo. Kwangu miye hiyo ni kazi nyengine ya ofisi, changu si kazi ya ofisi. Lakini tuseme kweli, siku moja moja ukiwa unapita Darajani kumchukulia mtu samaki ni ihsani na wengi tumefanya, tatizo ikishakuwa ratiba. Ukitaka kuanza kukataa anza na mtoto, kwa sababu mtoto wa mtu akikupata na jambo barabarani utaulizwa wewe, wala husemi uongo ukimwambia bosi hilo linanitia khofu naomba umtafutie dereva. Samaki utakuja kumkataa baadae.

Jengine, kuna mwenzio kaniuliza kama aende CMA, ile tume ya Bara ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kama shemeji yake wa Dar alivyomwambia. Hapana. Mambo ya kazi si ya Muungano, huku Zanzibar tuna Sheria yetu ya Ajira Nam. 11 ya 2005, na ukifukuzwa ovyo au ukinyimwa haki yako kuna kitengo cha kushughulikia migogoro ya kazi, wengi wanakiita DHU. Kabla ya kufika huko Kamisheni ya Kazi unaweza kwenda kuuliza ushauri tu, na kama upo kwenye chama cha wafanyakazi waulize na wao. Nenda na mkataba wako na hizo meseji, usende na machozi peke yake.

SWALI: Shikamoo Bi mkubwa, niko Chake, ofisi ya serikali. Mabosi watatu katibu mmoja. Kila mmoja karatasi yake ina maandishi mekundu HARAKA. Nikianza na ya huyu yule ananuna, na ikifika saa tisa na nusu watu wanatoka, miye nabaki na printa, hata Ramadhani nafika nyumbani adhana ya magharibi inaadhiniwa. – Mmoja kwa watatu

JIBU: Marahaba. Kosa la humo ndani ni kwamba wamekuachia wewe uamue nani mkubwa, na hiyo si kazi yako, hata mshahara wake hulipwi. Weka daftari moja mezani, kila karatasi ikiingia unaandika saa iliyoingia, ya nani, inatakiwa lini. Zikigongana mbili chukua daftari uwaendee wote wawili, kama wako kwenye korido moja ndo vizuri zaidi: "hizi zote mnazitaka kabla ya saa sita, naweza kumaliza moja, ianze ipi?" Afu nyamaza. Watakodoleana macho wataelewana wenyewe, na utashangaa ngapi kati ya hizo haraka zitakuwa za wiki ijayo.

La kuchelewa kutoka, ikiwa ni kila siku mwandikie afisa utumishi wako, barua fupi yenye tarehe na nakala ubaki nayo. Wewe ni mtumishi wa umma, uko chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma Nam. 2 ya 2011, si kibarua wa mtu. Na ukiandika omba msaidizi, usilalamike tu. Hilo daftari ndo litakalokusemea, maana bila ya hilo watasema unachelewa kwa sababu unachati.

SWALI: Bosi akiwa ndani ananambia wakija waambie sipo. Wakati mwengine sauti yake inasikika mpaka nje! Naona haya na naogopa dhambi. – Mlangoni, Mkoani

JIBU: Khaa, na anacheka ndani kwa sauti na wewe umesimama pale nje unasema kasafiri! Usiseme hayupo. Sema "kwa sasa hawezi kuonana na mtu, niachie jina, namba na shida yako nitampelekea". Hujasema uongo na mtu hakupita. Bosi akikuuliza kwa nini hukusema sipo mwambie walikuwa wanakusikia, na kikaratasi cha majina umtilie mezani kabla hajatoka, ampigie nani asimpigie nani ni juu yake. Na huo mlango mwambie fundi autazame, kama sauti inatoka hivo na siri za ofisi zinatoka.