Kila Nyumba, "Ngoja Nione Nyingine"

SWALI: Tunatafuta chumba na sebule Tabata. Kila dalali akinionyesha, nasema ngoja nione nyingine, nikirudi, imeshachukuliwa. Mume wangu angelipia ya kwanza na kulala. Nani ana kasoro?
*Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Hakuna, dada. Mnachagua kwa mitindo tofauti. Mwaka 1956 Herbert Simon wa Marekani, aliyepata Nobel ya uchumi 1978, alieleza kuwa mtu hawezi kupima kila kitu, hivyo hujiwekea kiwango na kuchukua cha kwanza kinachokifikia. Huyo ndiye mumeo. Wewe unataka kilicho bora kuliko vyote. Utafiti wa 2006 kuhusu wahitimu wa Marekani waliokuwa wakisaka kazi ulikuta wa aina yako walipata mishahara mikubwa kwa takriban asilimia 20, lakini hawakuifurahia kama wenzao.

Kabla ya kumpigia dalali, andikeni masharti matatu tu, kila moja na kipimo chake. "Maji yawepo" si sharti. "Bomba ndani ya uzio, au tangi la lita 1,000" ni sharti. Kodi iwe na kikomo, pamoja na idadi ya miezi mnayoweza kulipa kwa mkupuo. Luku, yaani mita ya umeme, iwe yenu peke yenu. Ikitimia yote, lipieni siku hiyohiyo. Kinachowaharibia watu ni sharti la nne linalozaliwa wakishaona vigae vinavyong'aa.

Kama bei za mtaa hamzijui, na mnategemea kuona nyumba kumi, tatu za kwanza ziwe za kujifunzia. Baada ya hapo chukueni ya kwanza inayozishinda zote tatu. Kihesabu, uwezekano wa kuangukia iliyo bora kuliko zote ni karibu asilimia 40. Ikiwa bora ilikuwa kwenye zile tatu, imeshawapita, na hapo masharti yenu ndiyo yatakayowaokoa.

Mumeo naye asitoe hela kabla hajafungua bomba kwa mkono wake, na hajafika hapo usiku au baada ya mvua. Mchana wa jua kila uchochoro ni mkavu.

SWALI: Nikiorodhesha faida na hasara, zinatoka sare kila mara.
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Kwa sababu unazihesabu badala ya kuzipima. Mwaka 1772 Benjamin Franklin, mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani, alimwandikia rafiki yake, mwanasayansi Mwingereza Joseph Priestley, njia yake ya kuamua: safu mbili kwenye karatasi moja, unajaza kwa siku tatu au nne kadiri mambo yanavyokujia. Kisha unakata zinazolingana uzito. Faida moja nzito inaweza kufuta hasara mbili. Angalia kinachobaki. Ila kagua marudio: "mbali", "nauli kubwa" na "nitachelewa kurudi" ni hasara ileile moja imeandikwa mara tatu.