Msimpakie kwanza: majibu kuhusu mtu aliyeacha kupumua

Swali: Hamjambo wahariri. Mzee mmoja alianguka ghafla kwenye steji yetu ya bodaboda. Hakuitika, ila alikuwa kama anakoroma, pumzi moja moja. Tulimkalisha kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, tukamkimbiza hospitali. Tulipofika tukaambiwa amekwisha kata roho. Kuna kitu tungefanya? *(Bodaboda, Arua)*

Jibu: Poleni sana, ndugu yetu, wewe na wenzako. Mlikimbia kwa sababu mlitaka apone, na hapa Uganda karibu kila steji ingefanya vivyo hivyo. Lakini kule kukoroma ndiko kunakowapoteza watu. Moyo ukishasimama, mtu anaweza kuendelea kwa dakika chache kuvuta pumzi moja nzito, kisha kimya kirefu, kisha nyingine. Huko si kupumua. Mwite kwa sauti, mtikise mabega. Asipoitika, tazama kifua kwa sekunde zisizozidi 10. Kama hakipandi na kushuka kwa mpangilio, hesabu kwamba moyo umesimama, uanze kazi. Usihangaike kutafuta mapigo shingoni. Hata wahudumu wa afya huyakosea.

Ubongo usiopata damu huanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6 hivi, na ni wachache wanaofika hospitali ndani ya muda huo. Juu ya pikipiki hakuna awezaye kubonyeza kifua. Kwa hiyo mlazeni chali pale pale alipoanguka, juu ya kitu kigumu: lami, udongo au sakafu. Juu ya godoro nguvu zako zinaishia kwenye sponji. Mmoja apige 999 au 112, mwingine atafute gari, wa tatu apige magoti kando ya kifua.

Kisigino cha kiganja kimoja kikae katikati ya kifua, nusu ya chini ya mfupa wa kidari. Kiganja cha pili kije juu yake, vidole vifumane na kuinuka visikandamize mbavu. Nyoosha viwiko, mabega yawe sawasawa juu ya mikono, uuache uzito wa mwili ufanye kazi. Kifua kididimie angalau sentimita 5, kisizidi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Kosa baya kuliko yote ni kuegemea. Mtu anabonyeza vizuri, lakini hauachii uzito wake, basi kifua hakirudi juu, moyo haujai, na bonyezo linalofuata halina damu ya kusukuma. Kiganja kisibanduke kifuani, ila uzito uondoke kabisa kila mara. La pili ni uchovu: mikono hulegea kabla mwenyewe hajatambua. Badilishaneni kila dakika 2 bila kusita. Steji haikosi watu.

Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla, kama hujui kupuliza pumzi au unaogopa magonjwa, bonyeza tu bila kukoma. Damu yake bado ina hewa ya kutosha kwa dakika za mwanzo. Msimwinue mpaka gari liwe limefika. Kama ambulansi haipatikani, alazwe chali kwenye sakafu ya pikapu, si kwenye kiti, na kubonyeza kuendelee njiani.

Swali: Hapa mwaloni Kasenyi watoto huzama ziwani. Mtoto akitolewa, wengine humning'iniza kichwa chini, wengine humkanyaga tumbo ili maji yatoke. Lipi ni sahihi? *(Mama muuza samaki, Entebbe)*

Jibu: Mama, yote mawili yaacheni. Kinachomuua aliyezama ni kukosa hewa, si maji yaliyo tumboni. Ukimbonyeza tumbo, maji na chakula hupanda kooni na kuingia mapafuni, na kumning'iniza kunakula dakika ambazo hana.

Hapa utaratibu unageuka. Yule mzee wa Arua moyo ulisimama damu ikiwa bado ina hewa. Kwa aliyezama hewa ndiyo iliyoisha kwanza, kwa hiyo anza na pumzi 5, awe mtoto au mtu mzima. Kiganja kimoja juu ya paji, ncha za vidole viwili chini ya mfupa wa kidevu, kichwa kirudi nyuma. Usibonyeze nyama laini ya chini ya kidevu, unasukuma ulimi uzibe koo. Bana pua, funika mdomo wake kwa wako, puliza kwa sekunde 1 huku ukitazama kifua. Kikipanda, inatosha. Kisipopanda, rekebisha kichwa, usiongeze nguvu, kwani hewa ya nguvu huenda tumboni na mtoto hutapika. Povu jeupe likitoka mdomoni usipoteze muda kulifuta, puliza tu. Akitapika, mgeuze ubavu, safisha haraka, endelea.

Kisha bonyeza 30, puliza 2, bila kukoma. Kina ni theluthi moja ya unene wa kifua, yaani kama sentimita 5 kwa mtoto na 4 kwa mtoto mchanga. Mtoto mdogo mkono mmoja unamtosha. Aliye chini ya mwaka mmoja, mzungushie mikono kifuani na umbonyeze kwa vidole gumba viwili. Huyo kichwa kisirudi nyuma sana, pua ielekee juu tu. Funika mdomo na pua kwa pamoja, na upulize hewa ya mashavuni tu.

Uko peke yako bila simu? Fanya hivyo dakika 1 kwanza, ndipo ukaite watu. Na akizinduka, hata akiongea vizuri, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu mapafu yanaweza kuzidiwa saa kadhaa baadaye.

Tena, usimfuate majini kama hujui kuogelea. Jerikeni tupu ya lita 20, kifuniko kimekazwa, imefungwa kamba, hubeba mtu. Wekeni moja pale mwaloni, isichotewe maji kamwe.

Swali: Nikimvunja mtu mbavu je? Na niache lini? *(Mwalimu, Jinja)*

Jibu: Mwalimu, mbavu huvunjika, hasa za wazee. Ukisikia mlio, hakikisha kiganja kiko katikati, kisha endelea. Mbavu huunga, moyo uliosimama haungoji. Acha pale anapoanza kupumua vizuri, mhudumu wa afya anapochukua nafasi, au nguvu zinapokuishia kabisa.

Mwanafunzi aliyezimia lakini anapumua sawasawa habonyezwi: mlaze ubavu, kichwa kirudi nyuma kidogo, uendelee kutazama pumzi yake. Wa kifafa usimtie kijiko mdomoni. Degedege likikoma, angalia tena kifua.

Msalaba Mwekundu wa Uganda hutoa mafunzo ya huduma ya kwanza. Mkiwaalika shuleni, ombeni mdoli wa mtu mzima na wa mtoto mchanga, na kila mwalimu abonyeze dakika 2 kamili.